Nyumba ya Mchoraji na Deni Lake

Leo twataka kuwachukua wasikilizaji wetu mpaka Ulaya, katika mji wa Amsterdam nchini Uholanzi, tukatembee kwa miguu katika njia alizozipita mchoraji mmoja aliyefariki mwaka 1669. Jina lake ni Rembrandt van Rijn. Wajuao mambo ya picha humhesabu kuwa mmoja wa mafundi wakubwa waliopata kushika brashi. Lakini hatuendi kumsifu tu. Twaenda kutafuta jibu la maswali mawili. Ilikuwaje mtu aliyechuma fedha nyingi kwa mikono yake, akasifiwa na wakubwa wa mji, azikwe katika kaburi la kukodi? Tena ilikuwaje karatasi iliyoandikwa ili kumvua mali yake iwe ndiyo inayotufungulia mlango wa nyumba yake hata leo?

Kwanza inafaa tuujue mji wenyewe. Amsterdam umejengwa juu ya ardhi ya majimaji, na nyumba zake za zamani zasimama juu ya magogo yaliyopigiliwa chini mpaka yakafika penye mchanga mgumu. Badala ya njia nyingi iko mifereji ya maji, na juu ya mifereji yako madaraja. Katika karne ya 17 bandari yake ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za dunia. Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni ya biashara ya Mashariki, na meli zake zikarudi na pilipili, hariri na vyombo vya kauri. Basi wafanya biashara wakapata fedha, na mtu akipata fedha hutaka watu waione. Katika nchi nyingine wachoraji waliishi kwa kuwatumikia wafalme na makanisa. Hapa makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yameondoa picha ukutani, na wanunuzi wakawa wafanya biashara, matabibu na walinzi wa mji. Mchoraji hodari aliweza kutajirika upesi. Aliweza pia kuanguka upesi, kwa kuwa mnunuzi wa leo huenda asirudi kesho.

Rembrandt hakuzaliwa Amsterdam. Alizaliwa katika mji wa Leiden tarehe 15 Julai 1606. Baba yake alikuwa mwenye kinu cha kusagia shayiri ya kutengenezea pombe, na mama yake alikuwa binti wa mwoka mikate. Wazazi walimtia katika shule ya Kilatini, na mwaka 1620 jina lake likaandikwa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Lakini moyo wa kijana haukuwa katika vitabu. Alijifunza kazi ya picha kwa Jacob van Swanenburg muda wa miaka mitatu hivi, kisha akapelekwa Amsterdam kwa fundi mashuhuri, Pieter Lastman, akakaa kwake kama miezi sita. Alirudi kwao akafanya kazi peke yake, na yapata mwaka 1631 akahamia Amsterdam. Umri wake ulikuwa kama miaka 25.

Haya, na tuanze matembezi yetu katika uwanja uitwao Nieuwmarkt. Katikati ya uwanja lasimama jengo la matofali lenye minara ya duara na paa zilizochongoka. Lilijengwa mwaka 1488 kuwa lango la mji. Baadaye mji ulipopanuka, likawa nyumba ya kupimia bidhaa kwa mizani, na kwa hiyo laitwa De Waag, yaani Mizani. Orofani vyama vya mafundi vilikuwa na vyumba vyao, na kimoja chao kilikuwa chama cha wapasuaji. Mwezi wa Januari 1632 Daktari Nicolaes Tulp aliipasua maiti ya mtu aliyekuwa amenyongwa kwa ajili ya uhalifu, ili awaonyeshe wenzake kazi ya misuli ya mkono. Wapasuaji walimtaka Rembrandt awachore.

Desturi ya siku zile ilikuwa kuwapanga watu safu safu, kila mmoja akitazama mbele, kama watoto wa shule mbele ya mpiga picha. Rembrandt hakufuata desturi hiyo. Aliwakusanya karibu na maiti, mmoja amenyosha shingo, mwingine amekaza macho, mwingine akilinganisha ayaonayo na yaliyoandikwa katika kitabu. Nuru yaanguka juu ya nyuso zao na juu ya mwili mweupe wa yule maskini. Mengine yote yamo gizani. Mtu aionapo picha hiyo hudhani ameingia chumbani katikati ya somo, naye hunyamaza asije akawasumbua. Leo imo katika jumba la Mauritshuis, mji wa Den Haag. Kwa kazi hiyo moja mgeni kutoka Leiden alijulikana Amsterdam yote.

Tukitoka uwanjani twafuata njia iitwayo Sint Antoniesbreestraat. Hapa ndipo alipokuwa akikaa mwalimu wake Lastman, na mwisho wa njia, karibu na daraja, ndipo alipokuwa na duka Hendrick Uylenburgh, mwuza picha. Rembrandt alikaa kwa Uylenburgh na kumfanyia kazi. Huko alijuana na Saskia, binti wa ukoo wa mwenyeji wake, ambaye baba yake alikuwa amepata kuwa mkuu wa mji wa Leeuwarden. Walioana mwaka 1634. Mwana wa mwenye kinu sasa alikuwa ameoa katika jamaa ya watu wenye cheo.

Kando ya njia hiyo mnara wa kanisa la Zuiderkerk waonekana juu ya mapaa. Twasimama kidogo hapo, kwa sababu Rembrandt na Saskia walizika watoto wao wadogo katika kanisa hilo. Walizaa watoto wanne. Rumbartus, aliyezaliwa mwaka 1635, hakuishi. Cornelia wa mwaka 1638 hakuishi. Wa tatu, aliyezaliwa mwaka 1640, akapewa jina lile lile la Cornelia, naye hakuishi. Wa nne tu, Titus, aliyezaliwa mwaka 1641, ndiye aliyekua. Tutakapoona nyumba kubwa na mapambo yake, tukumbuke ya kuwa wenyeji wake walitoka humo mara kwa mara wakifuata jeneza dogo.

Sasa twavuka daraja na kuingia katika njia ya Jodenbreestraat. Nyumba ya namba 4 ndiyo tuliyokuja kuitafuta. Mwezi wa Januari 1639 Rembrandt aliinunua kwa gulden 13,000. Ili tujue uzito wa fedha hizo, tufikiri ya kuwa fundi wa kazi ya mikono aliweza kupata kama gulden 300 kwa mwaka. Bei ya nyumba ilikuwa mshahara wake wa zaidi ya miaka 40. Rembrandt hakuwa na fedha zote mkononi. Alipatana na wauzaji kulipa robo mwanzoni, na zilizobaki azilipe katika miaka michache ijayo. Wazee wetu wasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kuingia nyumbani ilikuwa harusi kweli kweli.

Tuingie ndani. Orofani, kwenye chumba kikubwa cha kazi, madirisha yaelekea kaskazini. Mchoraji alikipenda chumba hicho kwa sababu huko Ulaya nuru ya kaskazini haibadilikibadiliki, na jua halipigi juu ya kazi yake. Wanafunzi wake, ambao wazazi wao walilipa ada, walifanya kazi juu zaidi. Mahali pengine paliwekwa mtambo wa kupigia chapa. Rembrandt hakuchora kwa rangi tu. Aliweza kupaka nta juu ya bamba la shaba, akaichora kwa sindano, kisha akalitia bamba katika maji makali yanayoila shaba pale sindano ilipopita. Mistari ikiisha kulika, hutiwa wino, na bamba hukandamizwa juu ya karatasi. Kwa njia hiyo picha moja iliweza kutoka mara nyingi, na mtu asiye tajiri aliweza kununua kazi ya Rembrandt.

Chumba kingine kilijaa vitu vya ajabu: sanamu za vichwa vya wafalme wa Kirumi, silaha za nchi za mbali, makombe ya baharini, matumbawe, kofia ya chuma ya Kijapani, na vitabu vikubwa vilivyojaa picha za mafundi wa Italia na Ujerumani. Rembrandt alikuwa hakosi mnadani, akatoa bei kubwa palipokuwa na kitu alichokipenda. Mwaka 1650 alichora kombe moja la baharini, la namna ionekanayo katika bahari ya Hindi, akalionyesha kila doa lake. Vitu hivyo vilikuwa shule yake na furaha yake. Lakini kila kimoja kilinunuliwa kwa fedha ambazo zingeweza kulipa deni la nyumba.

Kabla hatujaondoka, tutazame pia majirani. Njia hii walikaa Wayahudi wengi waliokimbia mateso katika Ureno na Hispania, na Rembrandt aliwachora mara nyingi. Walikuwako na Waafrika. Wenye kuchunguza vitabu vya zamani vya mji wameona ya kuwa katika karne ya 17 palikuwa na watu weusi huru waliokaa karibu na Jodenbreestraat, wengine wakiwa mabaharia na wengine watumishi. Wakati huo huo meli za Kiholanzi zilikuwa zikichukua watumwa kuwavusha bahari ya Atlantiki. Mwaka 1661 Rembrandt alitia sahihi yake katika picha ya Waafrika wawili, ambayo leo imo Mauritshuis. Hawakuchorwa kama pambo la kumtukuza bwana fulani. Mmoja ameegemeza kichwa karibu na bega la mwenzake, mwingine ametazama kando kama anayesema neno. Ni watu wenye mawazo yao. Mwaka 2020 nyumba hii iliwekwa maonyesho makubwa ya picha za watu weusi wa siku za Rembrandt.

Twageuka sasa upande wa magharibi mpaka kwenye mfereji wa Kloveniersburgwal. Palipo hoteli leo palikuwa na jumba la walinzi wa mji waliochukua bunduki. Kapiteni Frans Banninck Cocq na watu wake walitaka picha ya kutundika katika ukumbi wao mpya, na Rembrandt akaimaliza mwaka 1642. Watu waijua kwa jina la Lindo la Usiku, lakini jina hilo si la haki, kwa kuwa si picha ya usiku. Mafuta yaliyopakwa juu yake yalizidi kuwa meusi miaka mingi, hata watu wakadhani jua limekuchwa. Walinzi hawakusimama safu. Ndio kwanza wanajipanga kutoka, ngoma yapigwa, mbwa abweka, mmoja atia baruti katika bunduki, na msichana mwenye nguo ya rangi ya dhahabu apita katikati yao.

Hadithi imeenea ya kuwa walinzi waliichukia picha hiyo, na ya kuwa ndiyo iliyomfilisi Rembrandt. Si kweli. Walinzi wenyewe walishuhudia baadaye ya kuwa kila mmoja alitoa kama gulden 100, na mchoraji akapokea kama gulden 1,600 kwa jumla. Picha ikakaa ukumbini kwa heshima. Mwaka 1715 ilihamishwa kwenye jumba la mji, na kwa kuwa ukuta haukuitosha, wakaikata pande zote. Leo imo katika Rijksmuseum. Mwaka 1642 msiba wa Rembrandt haukuwa kazini; ulikuwa nyumbani.

Ili tuujue msiba huo, twende kwenye Oude Kerk, kanisa la zamani kuliko yote mjini. Hapa Saskia alizikwa mwezi wa Juni 1642, mtoto wake Titus akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Katika wasia wake alimwachia Titus sehemu yake ya mali, na Rembrandt akaruhusiwa kuifaidi maadamu haoi tena. Sharti hilo lilimfunga. Alimweka Geertje Dircx amlee mtoto, akaishi naye kama mke, asimwoe. Walipogombana, mwanamke huyo alimshitaki mwaka 1649 ya kuwa alimwahidi ndoa, na baraza likaamuru Rembrandt ampe gulden 200 kila mwaka. Mwaka 1650 Rembrandt alisaidia kumtia katika nyumba ya kufungia wanawake mjini Gouda, naye akakaa humo miaka mitano. Jambo hilo ni baya, wala uhodari wa mkono wake hauwezi kulifunika.

Baada yake alikuja Hendrickje Stoffels, aliyekuwa mtumishi wa nyumba. Mwaka 1654 alipokuwa na mimba, wazee wa kanisa walimwita, wakamkemea kwa kuishi na Rembrandt bila ndoa, wakamkataza meza ya Bwana. Mwaka huo huo alizaa binti, naye akaitwa Cornelia.

Kutoka Oude Kerk si mbali mpaka uwanja wa Dam. Jumba kubwa la mawe lililopo hapo ni jumba la mfalme tangu mwaka 1808. Lakini lilipofunguliwa mwaka 1655 lilikuwa jumba la baraza la mji. Ndani yake mlikuwa na ofisi ya watu waliofilisika. Juu ya mlango wake fundi alichonga kisa cha Ikaro, kijana wa hadithi za Wayunani aliyeruka kwa mabawa ya nta, akalikaribia jua mno, nta ikayeyuka, akaanguka baharini. Karibu naye alichonga panya wakitafuna karatasi za madeni na sanduku tupu. Kila mdaiwa alipita chini ya mlango ule.

Rembrandt alipita pia. Vita vya Waholanzi na Waingereza, tangu mwaka 1652 hata 1654, vilikuwa vimezuia meli, na fedha zikawa haba. Mwenye nyumba akadai fedha zake. Mwaka 1653 Rembrandt alikopa zaidi ya gulden 9,000 kwa watu watatu ili alipe deni, yaani aliziba tundu moja kwa kutoboa jingine. Mwezi wa Julai 1656 aliomba mwenyewe kukabidhi mali yake kwa wadai. Mara makarani wakaenda nyumbani kwake, wakapita chumba kwa chumba, wakaandika kila kitu walichokiona. Orodha yao ina namba 363. Waliandika picha, sanamu, viti, vitanda, makombe ya baharini, hata mashati na vitambaa vya meza vilivyokuwa kwa dobi. Vitu vikauzwa mnadani kwa bei ndogo kuliko thamani yake, na mwaka 1658 nyumba ikauzwa kwa gulden 11,218, chini ya bei aliyoinunua.

Lakini karatasi ile haikuuzwa. Ilihifadhiwa katika nyaraka za mji. Nyumba ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1911, haikuwa na vitu vyake. Na mwisho wa karne ya 20, watu walipotaka kuirudisha jinsi ilivyokuwa, walichukua orodha ya makarani wakafuata nyayo zao chumba kwa chumba. Hiyo ndiyo sababu tuliweza kuingia pamoja nanyi na kujua kombe lilikuwa wapi na sanamu zilikuwa wapi. Makarani walikuja kumaliza nyumba ya Rembrandt, na bila kukusudia wakaihifadhi.

Twaendelea magharibi, tukipita kanisa la Westerkerk ambalo tutalirudia, mpaka Rozengracht. Zamani ulikuwa mfereji. Siku hizi umefukiwa na ni barabara. Huku walikaa mafundi na watu wa mapato madogo. Rembrandt, Hendrickje, Titus na Cornelia walipanga nyumba kwa gulden 225 kwa mwaka. Mwezi wa Desemba 1660 Hendrickje na Titus waliandikiana hati ya biashara ya picha, nao wakamwajiri Rembrandt kwa chakula na malazi tu. Kila alichokichora kilikuwa mali yao, hata wadai wasiweze kukikamata. Hivyo mwanamke aliyekemewa na kanisa, pamoja na kijana wa miaka 19, walimfanyia yule mzee boma la kumkinga.

Katika nyumba hiyo ya kupanga alifanya kazi ambazo wengi wazihesabu kuwa bora kuliko zote. Mwaka 1662 alichora wakaguzi watano wa chama cha wauza nguo pamoja na mtumishi wao, wakiinua macho kana kwamba sisi ndio kwanza tumefungua mlango. Alijichora mwenyewe mara nyingi, uso umekunjamana, bila kujipunguzia hata kunyanzi moja. Si kila mtu aliipenda kazi yake. Baraza la mji lilimtaka achore picha kubwa ya kiongozi wa kale wa Wabatavi, aliyeasi Warumi. Ilitundikwa katika jumba la Dam kwa muda mfupi, ikaondolewa. Ikakatwa, na kipande chake kimo Stockholm, mji mkuu wa Uswidi.

Fedha hazikutosha. Mwaka 1662 aliuza kaburi la Saskia katika Oude Kerk. Hendrickje alifariki mwaka 1663. Titus alioa mwaka 1668, akafariki mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kabla binti yake hajazaliwa. Rembrandt akamfuata tarehe 4 Oktoba 1669, akiwa na umri wa miaka 63.

Turudi sasa Westerkerk, maana hapa ndipo alipozikwa tarehe 8 Oktoba, katika kaburi la kukodi lisilo na jina. Hapana ajuaye leo mahali penyewe. Mwaka 1906, ilipotimia miaka 300 tangu kuzaliwa kwake, watu walimwekea ubao wa ukumbusho ndani ya kanisa.

Basi wasikilizaji wetu wamepata jibu la maswali yetu. Rembrandt hakufilisiwa na wajinga wasioifahamu kazi yake; alifilisiwa na nyumba aliyoinunua kwa fedha asizokuwa nazo, na minada aliyoipenda, na vita asivyoweza kuvizuia. Hilo ni somo kwa kila mwenye nyumba, awe Ulaya au kwetu. Na kama wako wasikilizaji wenye kutunza daftari za kijiji, za duka au za shule, wasizione kuwa ni kazi duni. Karani aliyeandika mashati ya dobi mwaka 1656 hakudhani ya kuwa kalamu yake ingewaongoza watu chumba kwa chumba baada ya miaka zaidi ya 300. Hapa ndipo tunapokomea matembezi yetu.